Natapika tangu wiki ya sita, na kazi yangu ni jikoni. Nifanyeje?

"Shikamoo dada. Nina miaka 24, hii ni mimba yangu ya kwanza, niko wiki ya tisa kwa hesabu ya hedhi ya mwisho. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma na kazi yangu iko kwenye mgahawa kule Mtumba, zamu ya asubuhi: chapati, maandazi na supu. Tangu wiki ya sita natapika mara tatu nne kwa siku. Mafuta yakishika moto tu nakimbilia nje. Mate nayo yananijaa mdomoni muda wote. Mama mkwe anasema nivumilie, dawa zinalemaza mtoto. Mwenzangu kazini amenipa pemba, ule udongo wa kula, na kweli unanituliza. Vidonge vya kuongeza damu nimeviacha kwa sababu navitapika. Kliniki sijaanza. Nilikuwa na kilo 58, sasa nina 56, na ninaogopa mtoto hapati kitu. Nisaidie."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ujauzito.

Naanza na mtoto, maana najua ndiye anayekukosesha usingizi. Mtoto wa wiki ya tisa ana urefu wa sentimita mbili na ushei. Weka punje moja ya zabibu za hapa kwetu kiganjani, hapo umemwona. Chakula anachohitaji kwa sasa ni kidogo mno, na anakichota kwenye akiba ya mwili wako. Ukitapika mara tatu nne kwa siku lakini kuna kinachobaki tumboni, yeye hajapungukiwa. Hata lile tumbo kujikunja unapotapika halimbani; yuko chini kwenye nyonga, ndani ya maji yake. Tena tafiti kadhaa zimeona kwamba wanawake wenye kichefuchefu mimba ikiwa changa hupoteza mimba mara chache kuliko wasiokuwa nacho. (Msomaji ambaye hatapiki asianze kuhangaika. Wapo wengi ambao hawakutapika hata siku moja na wakajifungua salama.)

Anayeweza kuumia kwanza ni wewe. Ndiyo maana hilo neno "vumilia" silikubali likitolewa kama tiba.

Wanawake wameambiwa kwa muda mrefu kwamba wanadeka, au kwamba mimba imemkataa mume, hasa mke akichukia harufu ya marashi ya mwenzake. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayotengenezwa kwa wingi na kondo la nyuma, huingia kwenye damu ya mama na kuigusa sehemu ya ubongo inayoamsha kutapika. Mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndiye anayesumbuka zaidi, kwa kuwa mwili haukuizoea. Kwa hiyo wewe hudeki, na mumeo hana kosa. Kwa hili, angalau.

Kuhusu muda: karibu wanawake saba katika kumi hupata hali hii. Huanza wiki ya tano au ya sita na kuwa kali zaidi kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Wengi hupata nafuu wiki ya kumi na nne, na ikifika ya ishirini imewaacha karibu wote, ingawa mmoja katika kumi huendelea nayo. Wewe sasa uko kwenye wiki ngumu kuliko zote. Mpango wetu ni wa wiki tano au sita hivi, si wa miezi tisa, na hilo litakusaidia unapokwenda kuzungumza na bosi wako.

Maana bosi lazima mzungumze. Nikikupa ushauri wa chakula tu halafu saa kumi na mbili asubuhi ukasimama mbele ya karai la mafuta, nitakuwa sijakusaidia kitu. Harufu ndiyo kichocheo kikubwa kuliko vyote, na vinavyosumbua wengi ndivyo hivyo unavyoshinda navyo: mafuta yaliyorudiwa, kitunguu kikikaangwa, mchuzi wa nyama unaochemka. Omba ubadilishwe nafasi kwa wiki sita. Kaa kwenye pesa, au juisi, au kuhudumia meza za nje. Kama hakuna mtu wa kubadilishana naye, basi chukua kazi za baridi, kama kukanda unga, kukata matunda na kuosha vyombo, na mwingine ashike karai. Na kama jiko liko nje, simama upande unakotoka upepo. Huu upepo wa Dodoma unaotujaza vumbi nao utufae kwa jambo moja. Weka kipande cha ndimu mfukoni, ukinuse harufu inapokuzidi. Kinasaidia kwa muda tu, lakini mara nyingi muda huo ndio unaoutafuta.

Bosi akikunja uso, ujue sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito kuwa si halali. Ukishatimiza miezi sita kazini, una haki pia ya likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili. Kutapika kunakokuangusha ni ugonjwa. Usione haya kuomba ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi.

Sasa asubuhi yako. Nadhani unaamka saa kumi alfajiri ili uwahi daladala, unaoga, unatoka bila kitu tumboni, halafu unavuka mji mzima. Tumbo tupu ndilo linaloanzisha ugomvi. Usiku kabla ya kulala, weka kando ya kitanda kitu kikavu kwenye kikopo chenye mfuniko: biskuti za kawaida zisizo na krimu, mkate uliokauka, au vipande vya kiazi kitamu kilichochemshwa jioni hiyo. Ukiamka usinyanyuke. Kula ukiwa umelala kiubavu, tafuna polepole, kaa dakika kumi na tano au ishirini, ndipo uinuke taratibu. Ukishtuka saa nane usiku kwenda kujisaidia, kula tena kidogo. Mswaki uache mpaka baadaye, si lazima uupige tumbo likiwa bado linachafuka. Na ukitapika, sukutua kwa maji tu na ungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu ile asidi huwa imelainisha meno.

Kwenye daladala tafuta siti ya dirishani mbele, fungua kioo, angalia mbali barabarani na simu iache kwenye pochi.

Mchana kula kila baada ya saa mbili, kidogo kidogo, hata kama njaa hujaisikia. Ukingoja njaa, kichefuchefu kitatangulia. Vyakula vyenye protini hutuliza kuliko vitamu vitupu, kwa hiyo fungu la karanga za kukaanga ndani ya pochi litakufaa kuliko soda. Mtindi wa baridi, yai la kuchemsha kama harufu yake huichukii, ndizi mbivu, uji wa ulezi uliopoa na kukamuliwa ndimu, vyote vinafaa. Chakula cha moto kinanukia zaidi ya kilichopoa, basi ugali au wali upoe kwanza, ila usiuache juani mpaka uchache. Kwa joto hili utaongeza ugonjwa juu ya mwingine. Mlenda sikusemei. Wapo wanaoupenda wakati huu kwa kuwa unateleza bila kutafunwa na hauna mafuta, na wapo wasiotaka hata kuuona sufuriani. Wewe unajua uko upande gani, na mama mkwe asikulazimishe. Kwa wiki hizi habari ya mlo kamili tuiweke kando. Kula kinachokaa. Kama ni viazi siku tatu mfululizo, viwe viazi.

Maji usiyanywe pamoja na chakula. Acha nusu saa kabla na nusu saa baada, kisha kunywa mafundo madogo kila mara, maana glasi nzima kwa mkupuo inarudi ilikotoka. Najua mitaa mingine hapa Dodoma maji yana ladha ya chumvichumvi ambayo mjamzito haivumilii. Hapo ukwaju na ubuyu ndio mkombozi. Chemsha maji, tengeneza juisi ya ukwaju au ya ubuyu yenye sukari kiasi, igandishe kwenye vifuko vidogo, halafu unyonye barafu hiyo taratibu. Nimewaona akina mama ambao fundo la maji haliwashuki lakini barafu tatu za ubuyu kwa siku wanazimaliza, na mkojo wao ukarudi kuwa mweupe. Tengeneza nyumbani, za barabarani hujui maji yake. Siku ukitapika sana, koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, unywe vijiko viwili vitatu kila dakika tano.

Mate hayana dawa ya uhakika, lakini hayana madhara. Beba kikopo chenye mfuniko uteme; kuyameza wengi huwaongezea kichefuchefu. Ubuyu wa kumung'unya, jojo au kipande cha tangawizi mbichi shavuni hupunguza.

Tangawizi yenyewe imefanyiwa tafiti nyingi na inasaidia wale ambao hali yao si kali sana. Kipimo kilichozoeleka ni kama gramu moja ya unga wake kwa siku, yaani karibu nusu kijiko cha chai, ukigawanya mara tatu. Ichemshe kwenye maji bila majani ya chai. Ikikuletea kiungulia, iache. Wengine wanajibonyeza ndani ya mkono, vidole vitatu kutoka mkunjo wa kiganja, katikati ya zile kano mbili. Tafiti zake zinapingana, lakini ni bure na haidhuru, ukipenda jaribu.

Tufike kwa mama mkwe. Hofu yake haikutoka hewani, na ningependa umweleze hivyo kwa heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na dawa iitwayo thalidomide iliyotolewa kwa wajawazito huko Ulaya na kwingineko kutuliza kichefuchefu hikihiki. Mpaka inaondolewa sokoni mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wameathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi au bila viungo hivyo kabisa. Tukio hilo ndilo lililobadilisha namna dawa zinavyopimwa kabla ya kumfikia mjamzito, na hadithi yake imesambaa dunia nzima hata kwa wasiojua jina la dawa. Dawa tunazotoa leo kwa kutapika si hiyo wala ndugu zake. Zimetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi na watoto wao wamefuatiliwa.

Ya kwanza ninayoipendekeza ni vitamini B6, yaani pyridoxine, milligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku. Inapunguza kichefuchefu zaidi kuliko kutapika, lakini kwa wengi hiyo tu inatosha kuwarudisha kazini. Angalizo: usichukue vile vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinavyotolewa kwa ganzi za miguu. Vina B6 nyingi mno, na kwa muda mrefu ikizidi inadhuru mishipa ya fahamu. Isipotosha, daktari huongeza promethazine. Hii inalevya usingizi, kwa hiyo huanza kwa kidonge cha usiku, na sitaki uimeze asubuhi halafu uende kusimama mbele ya mafuta ya moto. Metoclopramide nayo ipo, kwa siku chache, isizidi tano. Ukiimeza ukaona shingo au taya inakaza, acha na urudi hospitali siku hiyohiyo. Ondansetron huwa tunaiweka akiba kwa waliokwama, kwa sababu ikitumika wiki 12 za mwanzo kuna ongezeko dogo sana la watoto wenye mdomo sungura. Lakini kwa mama anayekauka maji, kutotibu ndiyo hatari kubwa zaidi.

Usizinunue kimyakimya pale duka la dawa muhimu la mtaani. Fika zahanati au kituo cha afya, sema una mimba ya wiki ngapi, uandikiwe.

Pemba, mdogo wangu, hapana. Naamini kabisa inakutuliza. Ule ukavu wake unafyonza mate na ladha yake inakata kichefuchefu, ndiyo maana biashara yake haifi. Lakini udongo unashikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu, wakati mjamzito anahitaji damu kuliko mtu yeyote. Unaweza kubeba mayai ya minyoo. Na watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito kwenye maeneo ya machimbo ya dhahabu kule Geita waliukuta na madini ya sumu kama aseniki. Muuzaji wako hawezi kukuambia donge lake limechimbwa wapi. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo usiifiche kliniki kwa aibu. Isemee, upimwe wekundu wa damu. Hamu ikikushika, tafuna karanga au nyonya barafu ile ya ubuyu.

Hapo ndipo vidonge vya kuongeza damu vinaponitia wasiwasi. Madini ya chuma huchafua tumbo, hukukosea kuona hivyo. Jaribu kumeza usiku wakati wa kulala, baada ya kula kidogo, badala ya asubuhi, na usishushie kwa chai ya rangi kwa kuwa chai inazuia chuma kufyonzwa. Ukivitapika hata usiku, mwombe muuguzi akupe foliki asidi peke yake kwa sasa, na chuma urudie tumbo likitulia. Foliki asidi usiiruke. Ndiyo inayolinda uti wa mgongo na ubongo wa mtoto visipate kasoro, na wiki hizi za mwanzo ndizo zake.

Sasa ukomo. Wewe umetoka kilo 58 hadi 56, bado uko ndani ya kawaida. Ukifika 55, umepoteza asilimia tano ya uzito wako, na hapo tunaanza kuzungumzia ugonjwa wa kutapika kupita kiasi, unaohitaji hospitali. Usingoje mizani peke yake. Nenda siku hiyohiyo kama hakuna chakula wala maji yaliyokaa tumboni kwa saa 24, kama hujakojoa kwa saa nane au mkojo umekuwa mchache na wa rangi ya chai, kama ukisimama dunia inazunguka, au ukitapika damu. Tutakupima mkojo kwa kile kijiti: kipande chake cha ketoni kikitoka kwenye rangi ya krimu kikawa zambarau, mwili umeanza kuchoma mafuta yake kwa kukosa chakula, na mara nyingi utawekewa dripu.

Homa, maumivu ya tumbo, kuungua ukikojoa au kutokwa damu ukeni si sehemu ya kichefuchefu cha mimba, hata kama vimekuja pamoja nacho. Dodoma malaria ni chache kuliko mikoa ya ziwa, lakini kama ulisafiri karibuni na una homa, dai kipimo. Watu wengi mno wameambiwa "ni mimba tu" kumbe ni malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Vilevile anayeanza kutapika kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya kumi atafutiwe sababu nyingine.

Jambo moja mkumbushe atakayekusindikiza, kwa sababu wewe utakuwa umelegea. Mama aliyetapika kwa wiki kadhaa bila kula huishiwa vitamini B1, yaani thiamine. Akiwekewa dripu yenye sukari kabla ya kupewa B1, ubongo unaweza kudhurika. Mwenzako aulize kwa adabu tu: "Daktari, thiamine ameshapata?" Kwenye foleni ndefu hilo husahaulika.

Na kliniki anza wiki hii. Najua umeahirisha kwa sababu ya kutapika, na wengi hufanya hivyo, lakini mahudhurio ya kwanza yanapaswa kuwa kabla ya wiki 12. Nenda na mumeo. Watapima damu, mkojo, shinikizo la damu na virusi vya UKIMWI, na kwa kutapika kwako uombe na ultrasaundi. Mapacha huongeza kutapika, na mimba zabibu pia (kondo linakua vibaya kama kishada cha zabibu), ambayo ni nadra lakini lazima ijulikane mapema. Minyoo utapewa dawa ukivuka miezi mitatu. Kuanzia wiki ya 13 utaanza pia kupewa SP ya kukinga malaria, vidonge vitatu unavyomeza palepale mbele ya muuguzi. Siku hiyo kula kwanza, halafu usikimbilie daladala. Ukivitapika ndani ya nusu saa, rudi ndani umwambie, atakupa vingine.